Homa ya Maikrowevu ya Mama

Mandewa,
S.L.P. 318,
Singida.
20 Septemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Eliana,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Gaborone, na shemeji Edward hajambo? Zile zamu za usiku hospitalini bado zinakuchosha? Sisi hatujambo, tunapigwa tu na upepo na vumbi lake, unaijua Singida ya Septemba. Mguu wa Mama una nafuu. Mkono wa kushoto ndio bado haujaamka.

Najua umenuna kwa kuwa nilikaa kimya muda wote huu. Punguza hasira kwanza. Mama alinikataza kukuandikia mpaka maikrowevu yako ipone, na wewe unamjua Mama akishakataza.

Ulipoileta wakati wa likizo nilicheka moyoni. Nikasema huyu naye, Mandewa na maikrowevu wapi na wapi! Lakini tangu kile kiharusi Mama hawezi kuinua sufuria wala kuwasha mkaa, na mimi nashinda shuleni nafundisha. Kwa kitu chako hicho alikuwa anapasha chakula chake cha mchana kwa mkono mmoja, hamwiti mtu. Akawa anaringa, majirani wote wakaitwa waje waone.

Basi, mwezi wa nane, ulipoondoka tu, ikaanza kugoma. Unaiwasha, inazunguka kidogo, inazima, halafu pale kwenye kioo chake inaandika kwamba imepata joto kupita kiasi. Joto gani, na mlenda ndani bado wa baridi! Fundi Leonidas, yule wa redio pale sokoni, alisema ubovu uko kwenye kipimajoto chake cha ndani. Akakichomoa, akakipima kwa testa, mara kwenye maji ya moto, mara kwenye maji ya baridi. Kizima kabisa. Tukairudisha nyumbani, ikagoma. Akaichukua tena, kibandani kwake ikachemsha chai ya watu bila taabu. Kurudi kwetu, ikagoma. Nikaushuku umeme wetu, nikabadilisha soketi. Wapi!

Mama hakugombana na mtu. Mchana alikula vilivyopoa, na mgeni akija anamtazama tu, hana cha kumpa. Jioni moja akaniambia, "Mwanangu, mimi sasa ni mtu wa kulishwa. Mwite mjomba wako Laurian anichukue nikakae kwetu Iguguno. Kule wake wa wanawe wanashinda nyumbani."

Nililia, Eliana. Mama aondoke kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu Baba, kwa sababu ya bakuli la mlenda! Lakini nilituma salamu kama alivyotaka, na mjomba akajibu kwamba atakuja Alhamisi na lori la alizeti.

Jumamosi kabla ya hiyo Alhamisi nilifua vitambaa vya nyumba nzima. Maikrowevu ikafanya kazi siku ile bila kinyongo. Jumapili, baada ya ibada, nikavipiga pasi nikavirudisha mahali pake. Kumpashia Mama wali, ikazima! Nikasimama pale nawaza, kisha nikapeleka mkono chini ya kile kitambaa kikubwa cha kufuma ambacho Mama aliifunika nacho siku ulipoondoka, kile kinachoshuka hadi ubavuni. Moto! Matundu yake ya kutolea joto yote yalikuwa yamezibwa. Kipimajoto kilikuwa kinasema kweli tupu, sisi tunakiita mwongo. Na kwa Leonidas, nani angeivalisha kitambaa?

Nilimweleza Mama kwa woga, maana alikifuma mwenyewe kabla mkono haujalala, na alikitoa kwa heshima ya zawadi yako. Akakitazama, akaitazama maikrowevu, akasema, "Kumbe mwenye homa namvisha sweta!" Tulicheka mpaka jirani Martina akaja kuchungulia. Leonidas naye ametuambia tuiachie nafasi nyuma na pembeni, tusiisukumie ukutani.

Lakini mjomba alikuwa ameshaitwa, na begi la Mama lilikuwa limeshafungwa. Hakusema kama amebadili nia, nami niliogopa kumuuliza. Alhamisi niliacha nimepika kuku wa mgeni, nikaenda kufundisha, ila akili yangu ilikuwa nyumbani. Niliporudi nilimkuta mjomba anatoka mlangoni peke yake, anajifuta mafuta mdomoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Dada yangu kanilisha kuku mpaka nimeshindwa kuinama. Sasa mtu kama huyo nimpeleke wapi?" Akapanda lori lake.

Mjomba anakusalimu, na Martina pia. Leonidas anauliza lini utamletea vitu vingine vya kufungua. Msalimie sana shemeji Edward, mwambie tunamdai kuja kututembelea. Mungu awafunike kwa baraka zake huko ugenini, awarudishe salama.

Nimalizie na hili. Siku ile nilipoingia ndani, Mama alikuwa ameegemea meza. Akaniambia, "Kaa, Ritha, umechoka. Ngoja nikupashie chakula." Tangu augue, mimi ndiye niliyekuwa nampa sahani. Nikakaa, mama yangu akanipa chakula. Nilikula huku machozi yananitoka, naye akadhani ni pilipili.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Ritha