Kichwa cha Shangazi Kilichotulizwa

Maabara ya Michoro ya Kompyuta,
Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Binamu Kidevu,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote. Natumaini u mzima na kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kimekuacha. Huku hatujambo. Mjomba wako, yaani baba, amepata nafuu ya mgongo na amerudia kazi yake ya kugombana na redio. Mama yako naye mwili hauna neno. Moyo wake ndio ulionifanya nishike kalamu.

Nimepata ujumbe wako wa pongezi. Umefurahi kumwona mama yako kwenye video amekuwa mtu wa kompyuta, amevalishwa koti jeupe, anawaeleza viziwi wenzake mambo ya kliniki kwa lugha ya alama. Umeisambaza hiyo video kwa ukoo mzima na kwa wenzako wa kazini. Binamu, nakupenda, lakini nilipousoma ujumbe wako damu ilinichemka.

Unajua utafiti wetu hapa ni wa kufanya watu wa kuchorwa watembee na kuzungumza kama watu wa kweli. Profesa wetu alitaka mkalimani wa aina hiyo, awekwe kwenye skrini za kliniki ambako hakuna mhudumu anayejua alama. Wazo zuri, sikatai, ndiyo maana nikamleta shangazi, mama yako. Tulimbandika vitufe vinavyong'aa mikononi, kichwani, hadi kwenye nyusi, kamera zikamzunguka kunasa kila mwendo wake, naye akafanya kazi kutwa nzima bila kununa. Alitutania kwamba tungemalizia tu kwa kumtunga kwenye uzi kama shanga.

Sasa sikia. Wewe umelelewa ndani ya lugha hiyo, huhitaji kufundishwa: mama yako akikukataza jambo, mikono inalitaja hilo jambo, na kichwa ndicho kinachokataza. Profesa alipoona kichwa kinatikisika kwenye rekodi, akasema ni mtetemo wa kamera. Akaiamuru programu ikitulize. Nyusi nazo akazinyoosha, eti uso upendeze! Mimi nilikuwa safarini, na hakumwonyesha kiziwi hata mmoja kabla ya kuipeleka kliniki.

Basi "Usinywe dawa kabla ya kumwona daktari" ikafika kwa wajawazito ikiwa "Kunywa dawa kabla ya kumwona daktari." Kwa mikono ya mama yako.

Mshonaji mmoja kiziwi, mjamzito, alifuata maneno hayo. Alimeza vidonge vya mumewe vilivyokuwa vimebaki kabatini, akalazwa. Namshukuru Mungu, yeye na mtoto tumboni wamesalimika. Alipopata nguvu alikuja moja kwa moja kwa shangazi, akamuuliza mbele ya majirani kwa nini alimdanganya. Shangazi hakujua hata anaulizwa nini. Nikampeleka kliniki. Alisimama mbele ya skrini, akajitazama hadi mwisho, kisha akanigeukia: "Huyu kaniibia mikono."

Nilimwendea Profesa nimefura. Kwa uso mkavu kabisa akaniambia, "Punguza jazba, bibie. Ni hitilafu ndogo tu, tutairekebisha wageni wetu wafadhili wakishaondoka. Na watumiaji watazoea." Watazoea nini, Binamu? Kulazwa? Yaani "hapana" ya mtu ni hitilafu ndogo! Angefutiwa yeye neno moja kwenye makala yake, tungekuwa bado tunasikia kelele mpaka leo. Niliondoka nikaenda kwa muuguzi mkuu, nikamweleza yote, naye akachomoa waya palepale. Tangu hapo Profesa hanisalimii, na jina langu limeng'olewa kwenye makala ya utafiti. Wacha ling'olewe.

Skrini imezimwa, lakini ile video uliyoisambaza bado inazunguka. Ifute leo. Na kila uliyemtumia mwambie waziwazi kwamba ina uongo, usije ukajitia kusahau. Kuna kiziwi mahali fulani anayeiangalia sasa hivi na kuiamini.

Msalimie sana wifi yangu, na wale mapacha wako nawabusu wote wawili. Baba anakusalimu, na bibi anasema upunguze safari uongeze simu.

Nilitaka kufunga hapa, lakini shangazi amekaa pembeni yangu na barua ameisoma yote. Habari za Profesa hazimshughulishi tena. Ana swali lake moja kwako, nami nalileta kama lilivyo: ulipomwona yule, kichwa hakitikisiki, uso hausemi kitu, wewe mwanawe ulidhani kweli ni yeye?

Usimwandikie. Mpigie simu ya video, akuone unapomjibu.

Mungu akutunze huko uliko.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Binti Mjomba