Nilivyomdanganya Nesi wa Macho

Jumatatu, 4 Juni 1979
Sijawahi kumwambia mtu: sioni sawasawa, na nesi nilimdanganya. Alipokuja shuleni Februari kutupima macho nilikaa mwisho wa foleni, nikasikiliza. Wasichana thelathini, wote wakisoma herufi zile zile kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nilizijua kama Baba Yetu. Akaandika kwenye kadi yangu: macho safi. Niliogopa kupelekwa shule ya vipofu, mbali. Mimi si kipofu.

Leo hesabu tena. Nimenakili kwa kusikiliza. Mwalimu hasemi yote anayoyaandika, basi daftari limejaa mapengo.

Jumanne, 5 Juni
Niandike hapa, kwa mdomo siwezi. Nikimtazama mtu usoni, uso unafutika. Nywele zipo, masikio yapo. Katikati hakuna kitu. Si giza, ni kama mtu amepangusa. Nikitaka kuona mdomo lazima nitazame bega. Darasani naitwa Madam Pembeni. Hata Musa, mdogo wangu: "Sista, unaongea na sikio yangu?" Nimecheka. Imeniuma.

Alhamisi, 7 Juni
Mama Atieno, jirani yetu, amenishtaki kwa Mama. "Tangu aingie sekondari anatupita kama nguzo za stima."

Akiwa mlangoni kwake namjua, kwa sauti na kwa samaki anaokaanga. Njiani, akinyamaza, ni leso inayotembea. Mwanzoni mwa mwaka nilimsalimia kwa adabu zote. Kumbe alikuwa fundi wa viatu. Mtaa mzima wa Kaloleni ulicheka. Tangu siku hiyo sisalimii mtu.

Halafu jioni Mama ameangusha sindano. Musa ametafuta akashindwa. Mimi nimeiona ikimetameta pembeni, nikaiokota. "Huyu ana macho ya mwewe," Mama amesema. Sasa nani ataniamini?

Ijumaa, 8 Juni
Siku mbaya kabisa. Mwalimu wa hesabu ameniita nisome ubaoni. Nimeligeuzia macho dirisha kidogo ili niupate ubao. "Tazama ubao, si dirisha." Nimeutazama. Umefutika wote. Nimesimama pale, darasa linacheka.

Ameniandikia barua nipeleke nyumbani. Kwa Kiingereza: mvivu, tena ana dharau. Baba ameisoma mara mbili. Ametoa kadi ya nesi kwenye sanduku, akaiweka kando ya barua.

"Macho safi. Basi ni kiburi. Muhula huu ukiisha shule basi, utaenda kwa shangazi yako Kakamega ujifunze cherehani."

Cherehani. Mimi.

Nimewachukia wote. Hata nesi, kwa kuniamini.

Jumapili, 10 Juni
Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo. Nyumba kimya, nimefikiri vizuri.

Nikisema ukweli, labda watanipeleka ile shule ya mbali. Nikinyamaza, sina shule yoyote. Huko angalau wanafundisha hesabu bila ubao. Bado naogopa. Baba hapendi uongo, na huu nimeuficha tangu Februari.

Nitaanza na foleni. Halafu nitamweleza kuhusu nyuso, na kwamba hata wake siuoni nikiutazama. Akikasirika, akasirike.

Amerudi kabla ya wengine. Najua mlio wa viatu vyake vya kazi ya reli kwenye saruji. Amesimama, anapangusa matope mlangoni. Nafunika ukurasa. Habari hii asiisome. Nataka aisikie kwangu.