Nilivyomfunza Shantel Kusema Tunaishi Ayany

Alhamisi, saa nane mchana. Mvua imekata lakini mawingu bado yako chini na mabati yanadondosha. Sijaenda kazini. Shantel amelala mchana kweupe, jambo ambalo hajalifanya tangu awe na miaka mitatu, na kila dakika chache ninaenda kumgusa mguu.

Naogopa. Naliandika hilo kwanza ili nisije nikajifanya jasiri huko mbele.

Jana mtoto wangu alipotea kwa masaa manne, na aliyempoteza ni mimi.

Shantel yuko PP2, darasa la mwisho la chekechea, katika shule ndogo hapa Kibera, karibu na steji ya Olympic. Muhula huu Teacher Lilian anawafunza watoto kujieleza wakipotea: jina kamili, mahali unapoishi, halafu nambari ya simu ya mzazi. Anaufanya mchezo. Yeye hujifunga leso akawa mama wa njiani, mtoto mmoja anajifanya amepotea na kulia kidogo, kisha anaulizwa. Jioni mzazi anarudia maswali yale yale nyumbani na kutia sahihi kwenye diary. Kila wiki swali moja. Jina tulilimaliza. Wiki hii ni ya mahali tunapoishi, na nambari ya simu ni ya wiki ijayo.

Jumatatu alirudi na nyota nyekundu. Teacher alikuwa ameandika jibu lake lilivyokuwa: Kibera, Kianda, nyuma ya posho mill, mlango wa kijani. Hata kinu cha unga alikitaja, mtoto wa miaka mitano! Mama mwingine angemnunulia mandazi. Mimi nilishikwa na wasiwasi.

Acha niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenijua. Sisi wa Kianda wengi wetu ni wa Ayany mdomoni. Ile estate iko hapo tu karibu, nyumba za mawe na mageti na maaskari, na mtu wa maana akikuuliza unakaa wapi, ulimi unakimbilia huko wenyewe. Pale saluni ninaposuka, kule steji ya Kawangware 56, huu ni mwaka wa tatu wanajua natoka Ayany. Hata jirani yangu Mama Mutua, aliyetoka Kitui na haoni haya kwa lolote, huandika Ayany akijaza fomu.

Na Jumamosi hii Shantel ana interview ya kuingia gredi ya kwanza katika shule ambayo nimeitamani tangu nimzae. Nilimwona akilini amesimama mbele ya mwalimu mkuu, amevaa soksi nyeupe, akisema kwa sauti ile yake kubwa: nyuma ya posho mill.

Basi nikamfunza upya. Nikimwogesha, unaishi wapi? Tukila, unaishi wapi? Akisema Kianda nilimkata jicho. Akisema Ayany Estate nilimpigia makofi. Aliniuliza Ayany ni wapi, nikamwambia ni hapa hapa. Kufikia Jumanne asubuhi alikuwa ameshika kabisa, na jioni hiyo diary ikarudi na swali la Teacher: "Mama Shantel, mmehama?"

Nilitia sahihi chini yake. Sikujibu.

Jana mvua ilinyesha tangu alfajiri. Maji yakaingia darasani na watoto wakaachiliwa mapema. Teacher alituma ujumbe, lakini mikono yangu ilikuwa kwenye kichwa cha mteja na simu ilikuwa mkobani. Mama Mutua, ambaye humchukua Shantel pamoja na Mutua wake, alifika akakuta geti limejaa wazazi na miavuli. Mutua alikuwepo. Wangu alikuwa ameandamana na watoto wengine, wakatawanyika, akabaki peke yake kwenye barabara asiyoijua.

Simu niliyoishika hatimaye ilikuwa ya Mama Mutua. "Mama Shanty, kuja saa hii. Shanty hayuko. Nimeuliza kila mtu, hayuko."

Nilimwacha mteja na kichwa nusu. Nilipanda bodaboda na njia nzima nilikuwa nikimgonga yule kijana mgongoni aongeze mwendo. Tulipita mbele kabisa ya geti la Ayany. Sikugeuza hata kichwa. Kwa nini ningegeuza? Hatuishi pale.

Tulimtafuta Kianda yote. Wanawake walitoka nje na watoto migongoni, wakawa wanaita jina lake plot kwa plot. Teacher Lilian alikuja amevua viatu, analia kuliko mimi. Mimi sikulia. Nilikuwa nachungulia mitaro. Maji yalikuwa yanaenda kwa kasi, meusi, yamebeba chupa na magunia, na kila kitu chekundu nilichokiona kilikuwa sweta ya shule. Sitaki kuandika mengine niliyoyawaza. Bado yapo. Nikifumba macho yanarudi yote.

Saa tisa mama mmoja, muuza chapati wa kando ya barabara, alitokea pale posho mill amemshika Shantel mkono.

Nilianguka kwa magoti kwenye tope. Nilimshika mtoto nikampapasa kichwa, mikono, tumbo, nikamvua hata kiatu nione vidole. Yeye alikuwa anatafuna chapati, macho yamevimba.

Yule mama alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. "Nimepata huyu mtoi saa tano akilia. Nikamuuliza anaishi wapi, akasimama straight, akaniambia Ayany Estate. Nimezunguka na yeye geti kwa geti. Maaskari wote wanasema hawamjui. Nikaona huyu ameibiwa mahali, nikawa nampeleka kwa polisi. Njiani ndiyo nikamuuliza, ukitoka kwa mlango yenu unaona nini? Akasema posho mill, na ya karibu ni hii." Akatuangalia mmoja mmoja. "Sasa nani alimwambia Ayany?"

Teacher Lilian aliniangalia. Mama Mutua aliangalia miguu yake.

Nikasema, "Sijui."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na masaa manne, na mtoto ndiye aliyeitembea, na bado nilipofika mwisho wake nikaongeza hatua nyingine.

Baba Shantel alipiga simu jana jioni kutoka kwa mjengo anakofanya kazi, huko Athi River. Nilimweleza mvua, nikamweleza geti, nikamweleza muuza chapati. Hilo neno moja sikulitaja. Aliniambia nimshukuru Mungu, nikasema amina. Ninachoogopa sasa si mtaro. Naogopa kwamba mtoto alikuwa na jibu sahihi mdomoni, na nyota juu yake, nami nikalitoa. Na kama aliyemwokota angekuwa mtu wa aina nyingine, mtu ambaye hana haja ya kuuliza mara ya pili?

Ameamka sasa hivi, nikaacha kuandika. Nilimpa chai, nikapiga magoti mbele yake. Nilijaribu kuifanya sauti iwe ya kawaida.

"Shanty, unaishi wapi?"

Aliniangalia usoni kwanza, akanichunguza, kama anatafuta pale ambapo jibu limeandikwa. Kisha akauliza, "Ile ya Teacher ama ile yako?"

Nilichelewa. Sekunde tatu, nne. Jumamosi ilinipita kichwani, na mwalimu mkuu, na wateja wangu wa Kawangware. Mtoto nimempata jana tu na bado nilichelewa. Hilo limenitisha kuliko yote.

"Ile ya Teacher," nikasema.

Akasogea karibu, akaweka mdomo kwenye sikio langu, na akanong'ona. Kibera. Kianda. Nyuma ya posho mill, mlango wa kijani.

"Mbona unanong'ona?"

"Ndiyo watu wasisikie."

Kesho ninaenda naye hadi darasani. Teacher Lilian atajifunga leso yake, na nitamwomba aniulize mimi kwanza, mbele ya watoto wote, unaishi wapi. Nitajibu kwa sauti. Mungu anisaidie sauti itoke.