Bonde la Mwezi wa Tatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mwenzako nimekwama. Mimi ni mchora chati wa kiwanda cha magodoro na kazi hii sikuisomea hata siku moja, nilikuwa mpakiaji, mzee aliyekuwa akichora alipostaafu meneja akauliza nani ana mwandiko mzuri, shemeji yangu, mume wa dada, akaninyooshea kidole, basi nikajifunza mwenyewe kwa kuiga chati ya yule mzee iliyobaki ukutani, mstari wake ulipanda vizuri, mwezi wa tatu ukashuka bonde, ukapanda tena, nikajua ndiyo sheria ya fani, kila chati nikaitia bonde, ya uzalishaji bonde, ya mauzo bonde, hata ya sabuni za chooni bonde, nambari zikikataa nazibembeleza, wakubwa wakanisifu kwamba naona mbali, wakaunda Kamati ya Mwezi wa Tatu, wakaleta mtaalamu akapima upepo wa madirishani, mpaka juzi mafundi rangi wakabandua ile karatasi, loo, nyuma yake kichwa cha msumari kimetuna pale pale! Mzee alikuwa akiukwepa tu, kalamu isitoboe karatasi! Sasa kamati imeamua mvivu wa mwezi wa tatu ni shemeji, msimamizi wa mashine ya kukata sponji, Ijumaa anavuliwa usimamizi, dada hali wala halali, na mimi nimepangiwa kuwafundisha wenzangu wa matawi yote. Nifanyeje?

*Mchora Chati*

Mchora Chati, pole, ila nimecheka hadi machozi, kisha nikakasirika. Kujifunza mwenyewe si kosa. Kosa ni kuchora mstari kabla hujashika takwimu! Hivi hizo sabuni zilikukosea nini?

Usingoje Ijumaa. Chukua daftari la uzalishaji, chora nambari kama zilivyo, anzia sifuri, andika kila mstari unapima nini na nambari umezitoa wapi. Rangi mbili zinatosha, tafadhali. Weka chati hiyo na msumari mezani kwa meneja, shemeji akiwepo, useme, "Bonde ni langu." Watafoka. Wacha wafoke. Shemeji ndiye aliyekutoa kwenye kupakia, leo unamwacha aumbuke kwa ajili ya msumari? Na hao wa matawini, somo lao la kwanza liwe hilo hilo.

Halafu kuna jambo. Hapa gazetini chati ya barua za wasomaji ina bonde mwezi wa tatu, na huu mwaka wa nne nanyimwa likizo kwa sababu yake, eti mwezi huo nibaki nizivute barua zisipungue. Anayetuchorea ni mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha magodoro. Nimekwenda kuikagua. Imebandikwa kwenye kioo, msumari hakuna. Mchana huu namshukia.