Mwenye Msiba Hapimwi

Mzee Makokha,

Kabla ya salamu nina ombi: haya ninayokuandikia yabaki kwako. Najua marehemu hasemi, lakini siku hizi naogopa hata kuta. Usimtokee mtu ndotoni ukamdokezea, hata mkeo, Mama Nekesa, mpaka nimwambie mwenyewe. Bado nina kazi, na kule Mutuini mama na wadogo zangu wananitegemea.

Kampuni yetu ya ndege imekua. Ile ofisi ya juu ya duka la viatu pale mjini, uliponiajiri nikiwa nimetoka chuoni juzi tu, imefungwa. Sasa tuko Kilimani, jengo la vioo, na ndege zetu zimepakwa rangi ya zambarau. Wasichana wa kaunta wanafundishwa kutabasamu. Juzi mkurugenzi alisema redioni kwamba wazo la nauli nafuu lilimjia akiwa Ulaya. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaiacha.

Wazo lilikuwa lako, Mzee. Tulikuwa na ndege moja kuukuu, inaruka nusu tupu, naye mkurugenzi anataka kufunga. Wewe ndiye uliyemwambia, "Boss, watu wetu hawapandi ndege kwenda likizo. Wanapanda kwenda kuzika." Ukaweka nauli ya Ijumaa ya kwenda Kisumu, ambayo hata fundi wa jua kali angeimudu akichangiwa na jirani. Ukamwomba fundi wa ndege ang'oe viti vya nyuma, jeneza lipate nafasi. Ijumaa hizo ndizo zilizotuvusha. Ndege ya pili ilinunuliwa na vilio vya watu, nami niliwakatia tiketi.

Unamkumbuka yule nyanya aliyepanda na kuku kwapani, akamwambia rubani, "Dereva, kwa kona nenda pole pole, nimekula"? Ulicheka hadi ukajishika ukuta.

Na ile mizani. Ndege ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila abiria alisimama juu yake na mzigo wake kabla ya kupanda, mbunge kwa mkulima. Ila waliofiwa hukuwapandisha. Uliwatazama tu, ukakisia kilo zao, ukaongeza kidogo ili rubani asikosee hesabu ya uzito. Nilipokuuliza ulinijibu, "Kijana, mwenye msiba hapimwi. Ameshabeba vya kutosha."

Kisha ukafa wewe.

Mama Nekesa alitoka nyumbani kwenu Mountain View asubuhi, akaja ofisini na leso kichwani, akiwa na hakika. Hakuja kuomba, alikuja kuuliza saa ya ndege. Meneja mpya akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Pole sana mama, ndege ya Ijumaa imejaa." Alipotoka, meneja akatugeukia sisi. "Sisi ni ndege ya bei nafuu, si gari ya maiti. Abiria wakiona sanduku watahama." Viti vya nyuma vilikuwa vitupu, Mzee. Nilikuwa ninavitazama kwenye kompyuta yangu.

Ukaenda kwenu kwa pikapu ya kukodi. Iliharibika njiani, mvua ikakunyeshea, ukafika wazee wamechoka kukungoja na moto wa matanga umezimika.

Na bado hayo si mabaya kuliko yote. Ndugu zako sasa wanasema kampuni ilikupa nafasi ya ndege, mkeo akaibadilisha kwa pesa akala. Wanauliza, mtu aliyerusha maiti za watu wote, yake ingekosaje nafasi? Swali zuri, ila wanamuuliza mtu asiyehusika. Jumamosi hii ukoo utakaa kule nyumbani, na wamekwisha kusema kwamba mwanamke aliyemuuza mume wake hawezi kuachiwa shamba la mume huyo. Mama Nekesa alinipigia simu. Hakulia. Alisema, "Mwanangu, wewe ulikuwa pale. Niambie tu, ilijaa kweli?" Nilimjibu kwamba mtandao unakatika.

Meneja amepata fununu kwamba mkeo alinipigia. Jana aliniita, akanionyesha kiti chako. Akasema kinangoja kijana mwenye busara, anayejua kwamba ya ofisini hukaa ofisini. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba kampuni za ndege mjini hapa zinajuana. Nilisema asante. Ndiyo, nilimwambia asante.

Lakini nimeamua. Jumamosi nitasimama mbele ya ndugu zako, mimi mtoto wa Mgikuyu nisiyejua hata salamu ya kwenu, niwaambie nilichokiona. Sitatumia tiketi ya bure ya wafanyakazi. Nitapanda basi, nipite barabara waliyokupitisha. Nitatetemeka, lakini nitasema. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Lala salama, Mzee wangu. Baada ya Jumamosi usinitafute Kilimani, kiti changu kitakuwa na mtu mwingine. Njoo Mutuini. Lami inapoishia shika njia ya kushoto, pita zile nyumba mpya za kupangisha hadi uone nyumba ya mbao yenye mlango wa kijani. Pita nyuma, upande wa jikoni, mama asishtuke. Njoo na chochote ulichobeba. Mlangoni kwetu hakuna mizani.

Karani wako,
Kamau