Mfuniko wa Sanduku la Anlaug

Jumatatu, 14 Aprili 1997

Wanasesere wamefika. Marlys anarukaruka ukumbini mwa kanisa kama mtoto wa chekechea, na umri ule! Tangu astaafu ualimu, binamu yangu huyu hana lingine: mwanasesere wa bibi yetu Margit, mwingine wa Anlaug mdogo wake, na kitabu cha kuwafundisha watoto wa hapa Minnesota kwamba wazee wao walitoka Norwei. Haya. Nilikubali kushona nguo.

Lakini zile sura! Mashavu mekundu, meno meupe yote. Nilipomjua mimi, Bibi Margit alikuwa na meno manne. Na sasa nimshonee gauni la sherehe, kifua kizima shanga na vifungo vya fedha. Bibi alishuka melini na gauni la sufu linalonuka samaki. Nikalisema hilo. Marlys akacheka, eti Verna, nani atamnunulia mtoto mwanasesere wa kunuka samaki?

Nikanywa kahawa. Nikashona.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekisoma kitabu. Kinyaa!

Margit na Anlaug wanavuka bahari wakiimba. Wanafika nyikani, theluji inaanguka kama sukari, kila mtu anapika mikate ya viazi. Ukurasa wa mwisho Anlaug ni ajuza mnene, anakanda unga na wajukuu.

Anlaug yupi? Yule aliyevuka bahari alikufa majira ya baridi ya kwanza, dondakoo, miaka minne. Mwaka uliofuata mama yao akazaa msichana mwingine, wakampa jina la marehemu. Ndivyo wazee wetu walivyofanya, kila nyumba. Yule wa mikate ni huyu wa pili! Marlys kawachukua watoto wawili, kawafanya mmoja. Yule wa kwanza katoweka kama hakuzaliwa.

Nilimpigia simu. Akaniuliza mara mbili, Anlaug gani wa pili? Hakujua, maskini, hakujua kabisa. Kisha sauti yake ya darasani ikarudi: vitabu vimeshachapwa, na ni vya watoto, mpenzi, kwani unataka walie?

Ndiyo, Marlys. Kidogo.

Ijumaa, 2 Mei

Sasa kamati ya kanisa inalitaka sanduku. Lile la safari, la maua ubavuni, linalokaa miguuni mwa kitanda changu. Wanasesere waketi juu yake siku ya sikukuu ya taifa la Norwei, tarehe 17.

Mfuniko wake ni mbao tupu za msonobari. Watu hudhani ule wa kwanza ulivunjika. Haukuvunjika. Nyika ile haikuwa na mti, na vibao vya gari la ng'ombe havikutosha jeneza la mtoto. Wakamfunika kwa mfuniko wa sanduku, wakaugeuza maua yaelekee ndani ili ayaone. Bibi Margit alinisimulia mara moja tu, tunamenya viazi, akasema nisimuulize tena. Kaburi lilishalimwa zamani, mahindi juu. Ushahidi uliobaki ni zile mbao tupu.

Nimewapa kwa sharti moja. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwasomea watoto kitabu; kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, nitawaeleza kwa nini mfuniko ule hauna maua. Marlys akasema bila shaka, bila shaka. Alisema haraka mno.

Jumatano, 14 Mei

Naandika kwa hasira, mwandiko wangu mwenyewe siusomi.

Walinialika kahawa. Kamati nzima imekaa, inatabasamu. Duane, mume wa Marlys, akavuta shuka: "Sapraizi!" Sanduku langu. Mfuniko mpya, mawaridi mekundu na ya buluu, yanang'aa mafuta. Bawaba tu bado, atazitia Ijumaa wiki ijayo. Wakapiga makofi. Duane machozi yanamlenga, kafanya kwa upendo, jambo hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Nikauliza, na ule wa zamani?

"Zile mbao? Aa, Verna, zilishaoza zile. Nimewashia jiko la karakana."

Nilisema: "Ni wa aina yake." Kwetu hakuna tusi zaidi ya hilo, na wote walilielewa. Waliniongezea keki! Hata ugomvi watu hawa hawakupi. Unataka kupiga kelele, wao wanakuuliza kama unataka maziwa kwenye kahawa.

Sijala chochote tangu nirudi.

Jumamosi, 17 Mei

Jikoni, chini ya kanisa. Sikukuu yenyewe. Uji wa malai unachemka, bendera kila dirisha. Naandika nimesimama, ili nisimpige mtu.

Marlys alikuja sasa hivi na kitabu. "Huo uso, Verna! Soma yaliyoandikwa tu, nakuomba. Hadithi ya mfuniko haina maana tena, si umeshapakwa rangi? Fanya kwa ajili ya Bibi."

Kwa ajili ya Bibi! Ptu!

Na mimi, mjinga, nilikwishavaa miwani. Nilikwishafungua ukurasa wa kwanza. Ningesoma. Watoto wameketi sakafuni wananisubiri, na mikono yangu imezoea kutii.

Kaia kaingia, mjukuu wa kaka yangu, miaka saba, mdomo mzima jamu.

"Bibi, nimemlaza yule mwanasesere mdogo sandukuni. Amechoka na meli."

Vizuri, nikamwambia.

"Nimemfunika. Lakini nimegeuza mfuniko, maua yawe ndani. Huku nje yeye hayaoni."

Nani amekwambia ufanye hivyo? Ananishangaa. Hakuna mtu, Bibi.

Nimefunga kitabu.

Namsikia Duane huko ukumbini: "Nani kaugeuza huu mfuniko? Leteni mkono, tuuweke sawa." Nimemfokea kutoka huku: Duane, usiuguse! Sijawahi kupaza sauti kanisani maisha yangu yote. Kaia ameshika mkono wangu wa kushoto, ananivuta. Kitabu nakiacha hapa, kando ya masufuria—