Habari apewe nani

Shanwe, Jumanne

Nimechoka, na safari yenyewe haijaanza. Wiki ijayo napanda treni kwenda Dar, kisha ndege mpaka India, miaka miwili ya masomo ya uuguzi. Leo kila niliyekutana naye alinionya kuhusu wezi.

Mama ameshinda akinishonea mfuko ndani ya gagulo, wa kufichia pasipoti. Mimi nilikuwa najaza fomu ya chuo. Nilikwama pale wanapouliza, nikiumia au nikifa, habari apewe nani na kwa simu ipi. Sisi hatuna simu. Nikaenda kwa Mzee Salumu, mwenye duka, nikamwomba namba yake.

"Andika tu," alisema. Kisha akauliza taratibu, "Wakinipigia, nimwambie nani kwanza?"

"Kaka yangu, anayefundisha Mishamo. Mama ana presha, usimwambie."

Nikaandika jina la kaka na namba ya duka, nikarudi nyumbani nikidhani nimemaliza. Mama hajui kusoma, akataka nimsomee fomu yote. Nilipofika kwenye jina la kaka nikasita, na yeye akaelewa.

"Kwa hiyo ukifa, mimi niwe wa mwisho kujua?"

"Mama, ni presha yako tu..."

"Presha ni yangu. Na wewe ni wangu."

Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu pia. Nimelikata jina la kaka, nikaandika la mama; kesho nitamwambia Mzee Salumu. Akaniomba nimwonyeshe lilipo. Akaligusa kwa kidole, halafu akaenda kulala.